Karatasi ya Haron

Niliitazama ile nyumba mara saba kabla ya kusema naitaka. Mara ya kwanza ilikuwa Januari, jua likiwaka, na broka aliyenipeleka, bwana mmoja wa Keroka aitwaye Fred, alisimama ukingoni mwa mto akainua mikono kama mtu anayefungua kanisa jipya. Alisema watu wa Nairobi hulipa pesa nyingi kwenda kulala mahali wanaposikia maji, na mimi hapa nitayasikia bure maisha yangu yote. Nilimuuliza maji hayo hufika wapi mwezi wa nne. Akasema hayafiki popote. Nikamwambia basi nitarudi mwezi wa nne.

Kazi yangu ni kushona sare za shule. Nimeshona Keroka miaka kumi na tisa, na kazi hiyo imenizoesha kupima mara mbili kabla ya kushika mkasi. Kwa hiyo nilipigilia vigingi vitatu kutoka mtoni kwenda nyumbani, hatua kumi kumi, na kila kimoja nikakifunga kipande cha kitambaa kilichobaki dukani: damu ya mzee, kijani, samawati. Mwezi wa nne maji yalipita kigingi cha kwanza. Mwezi wa tano, baada ya mvua ya mawe, yaligusa cha kijani siku moja, yakarudi. Cha samawati hakikuloa. Kutoka hapo hadi mlangoni ni hatua ishirini na mbili. Majirani waliokuja kuchota maji walisema mshonaji anaupima mto suti, na mama mmoja akaniuliza kama nimeshapata kiuno. Nilimwambia kiuno bado, nasubiri ushibe.

Nyumba yenyewe ni ya matofali, vyumba vitatu, mabati ya kijani, na veranda inayotazama maji. Iko kilomita mbili hivi kutoka Keroka, upande wa Nyamira, ukishaiacha lami na kushuka kati ya mashamba ya chai. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, Drusilla Bonareri, ambaye wengi humwita Mama Linet, mjane kama mimi. Yeye na marehemu mumewe, Omwenga, walikinunua kiwanja hicho kwa mishahara yao, mbali na shamba la ukoo lililo juu ya mlima, ambako Omwenga alizikwa. Sasa nyonga ilikuwa ikimsumbua, mteremko umemshinda, na Linet, binti yake wa pekee, alimtaka ahamie kwake Nakuru.

Tulielewana bei bila kelele, chai ikiwa mezani. Alitaka kujua jambo moja tu: kwa nini mtoni, na udongo wa pale unateleza vile. Nilimwambia mto ule huingia Gucha, na Gucha ikifika kwetu karibu na ziwa tunaiita Kuja, na mimi nilizaliwa pale inapomalizikia. Alicheka sana. Akasema basi miaka yote hiyo amekuwa akinitumia maji yake ya kufulia.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia siku hiyo. Mume wangu, Odero, alifariki miaka kumi na moja iliyopita, akazikwa kwao, upande wa Homa Bay. Nyumba yetu ya kule ilikuwa ya udongo. Mvua za mwaka wa pili zilibomoa ukuta mmoja, na shemeji zangu wakaezua mabati yasije yakaibwa. Sasa yamo juu ya jiko la Odoyo, mdogo wake Odero. Penye nyumba pamepandwa mihogo. Nikienda msibani hulala kwenye kochi la sebule ya Odoyo. Hakuna aliyenifukuza, na sitaki kumsingizia mtu. Ila kila nilipouliza nitajenga wapi, niliambiwa mwanamke hawezi kuanzisha mji, yaani boma lake, bila mwanamume, tena mimi nina binti tu, Pam, kwa hiyo nisubiri wakubwa wakae. Kisha mmoja wao hunifariji kwamba nisiwe na wasiwasi, nafasi yangu kando ya Odero ipo. Basi mimi nilikuwa na mahali pa kulazwa nikifa, lakini pa kulala nikiwa hai sikuwa napo.

Habari za kuuza zilipofika juu mlimani, Haron Nyasani aliteremka na binamu zake wawili. Huyu ni mdogo wake marehemu Omwenga, mkulima wa chai na mzee wa kanisa. Alinisalimia vizuri. Alisema hawana ugomvi na pesa zangu wala na kabila langu. Ukoo wao umewahi kukaa na abamenyi, ndivyo wanavyowaita watu wa kuja wanaoishi kwenye ardhi ya wenyewe, na wamekaa nao kwa amani. Shida yake ilikuwa moja.

"Mama, ukikufa?" aliniuliza.

Akanieleza habari ya babu yake. Babu huyo alimkaribisha mtu akae kwenye kipande chake. Mtu akafiwa na mtoto, wakamhurumia, akazika hapo hapo. Akafiwa tena. Miaka ikapita, watoto wakagombania kile kipande, wakaenda kortini.

"Kortini hawakuuliza karatasi," Haron alisema. "Waliuliza makaburi yako wapi. Babu yangu hakuwa na kaburi pale. Yule mtu alikuwa na tatu."

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Sidhani alidanganya. Mikono yake ilikuwa ikitafuta kitu cha kushika, na mtu anayebuni hadithi hafanyi hivyo. Nilimwambia kipande kile kilitolewa kwa mdomo, na hiki kinauzwa kwa hati. Akasema ndiyo, anajua, ndiyo sababu ameleta kalamu. Akatoa karatasi iliyopigwa chapa mjini. Ilikuwa na mistari minne:

*Mimi Benta Odero nimeuziwa mahali pa kuishi. Nikifa nitarudishwa kwetu. Mtu wangu yeyote akifa atarudishwa kwao. Hapa hapatachimbwa kaburi.*

Nilisema nitaisoma kwanza. Nikaisoma wiki nzima, dukani, kati ya kola moja na nyingine. Kila nikiisoma, mstari ulionikwaza si wa pili wala wa nne. Ni ule wa kwanza, unaosema nimeuziwa mahali pa kuishi, hausemi kiwanja wala nyumba.

Jumamosi iliyofuata Drusilla aliniita. Nilipoingia nilimkuta Odoyo, shemeji yangu, ameketi verandani na koti lake la harusi, mfupa wa kuku kwenye sahani mbele yake. Haron alikuwa amepata namba yake kutoka kwa wauza samaki wa soko la Keroka na kumlipia nauli. Kwa dakika moja nilidhani shemeji amekuja kunitetea. Kumbe walikuwa wamekaa pamoja tangu asubuhi, kila mmoja na Kiswahili cha kwao, wakicheka. Wanaume wa makabila mawili ambayo huko nje hayakubaliani hata kuhusu mpira, walikubaliana kuhusu maiti yangu kabla chai haijapoa. Odoyo alikuwa ameshatia sahihi chini ya ile karatasi, mahali palipoandikwa *mwakilishi wa familia*.

"Yuora," aliniambia, kwa jina tunaloitana sisi mashemeji, "huyu mzee ni mtu wa maana. Anataka kitu kile kile sisi tunataka."

"Mnataka nini?"

"Urudi nyumbani."

"Nikiwa hai?"

Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. Haron aliangalia mto.

"Mambo ya kujenga tutazungumza," Odoyo alisema.

"Mmezungumza miaka kumi na moja."

Sikugusa kalamu. Niliaga. Drusilla alinisindikiza hadi kwenye lango, polepole, na fimbo yake, na pale langoni akaniambia nitie sahihi yaishe. Ni karatasi tu. Wakati wa kuitumia mimi nitakuwa nimekufa, nitajuaje?

"Nitajua kuanzia kesho, Mwalimu," nilimwambia. "Nikirekebisha ua, wataniuliza kwa ruhusa ya nani. Nikijenga choo, wataniuliza. Nimekuwa mpangaji miaka kumi na tisa. Sinunui nyumba ili niendelee kupanga."

Alikasirika, na alikuwa na haki yake. Alinikumbusha kwamba Fred ameleta mnunuzi mwingine, mfanyabiashara wa Kisii mjini, mtu wa huku huku, ambaye hakuna wa kumdai karatasi ya aina hiyo. Linet anamsubiri Nakuru, daktari amempangia siku. Bodi ya ardhi, ambayo bila kibali chake kiwanja hakiuzwi, inaketi Alhamisi, na ikipita hiyo ni mpaka mwezi ujao.

"Basi Alhamisi uje umeamua," alisema.

"Nimeshaamua, Mwalimu."

"Basi na mimi nitaamua," akajibu, akafunga lango.

Siku ya Jumatatu nilikwenda kwenye ofisi ya bodi nikamwomba karani anionyeshe fomu ya kuuza ardhi. Sikusoma mbali shuleni, na mambo mengi nimejifunza kwa kunakili. Nilinakili maswali yote kwenye daftari langu la vipimo.

Alhamisi chumba kilijaa. Wajumbe tisa walikaa nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti katikati na sweta ya kijivu. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Damaris, mwenye duka la dawa za mifugo. Tulipoitwa, Drusilla alitoa kitambulisho, hati na barua ya Linet ya kukubali. Hakunitazama. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi. Haron akasimama, Odoyo ubavuni mwake, na ile karatasi ikiwa kwenye mfuko wa plastiki kama cheti cha kuzaliwa.

Mwenyekiti aliisoma, akaisukuma kuelekea kwangu pamoja na kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na saa ya chakula ilikuwa imekaribia.

"Mama, hii ni kitu ndogo," alisema. "Tia sahihi tuendelee. Hiyo siku yenyewe wewe hutakuwako."

Chumba kizima kilicheka. Hata mimi nilitabasamu, maana alikuwa amesema vizuri.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza," nilisema. "Kwenye fomu ya bodi, swali la kaburi ni la ngapi?"

"Hakuna swali kama hilo."

"Nilidhani nimeliruka. Nilinakili yote."

Damaris aliomba kuona. Nikampa daftari, akapekua vifua na viuno vya watoto wa shule tatu mpaka akayapata maswali. Aliyasoma kwa kidole, moja baada ya jingine, akanirudishia, akamtikisia mwenyekiti kichwa.

Mwenyekiti alisema sheria ni sheria, lakini majirani nao ni majirani, na yeye hataki kesho aitwe kwenda kuamua ugomvi wa mapanga. Nisipotia sahihi ataahirisha shauri hadi mwezi ujao, pande zote zikazungumze. Haron akadakia, kwa upole kabisa:

"Mama, hatukufukuzi. Kaa hata miaka hamsini. Tunauliza tu, ukimaliza, utoke."

Sijawahi kusema mbele ya watu wengi. Sauti yangu ni ndogo, na mtu wa nyuma alipiga kelele kwamba niiongeze. Sikuiongeza. Nilingoja, wakanyamaza wenyewe.

"Mzee Haron, ya babu yako nimeyaamini," nilisema. "Lakini mimi sikukaribishwa, nanunua. Siombi kuzikwa pale. Labda sitazikwa pale kabisa. Hilo nitaamua nikizeeka, au Pam ataamua. Sitaliamua leo kwa kalamu yako. Nyumba niliyoahidi kutoka si yangu, hata nikikaa hiyo miaka hamsini." Kisha nikamgeukia Odoyo. "Na wewe, yuora, umetia sahihi kwa niaba ya familia. Siku familia ilipoezua mabati yangu, ilitia sahihi wapi?"

Odoyo alikaa chini. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti alifunga kalamu yake na kumwambia Drusilla kwamba yeye ndiye muuzaji. Je, atangoja, au ana mnunuzi mwingine? Nikaangalia sakafu. Niliona fimbo yake ikitafuta mahali, kisha miguu yake ikasimama, mmoja kwanza, wa pili baadaye. Lakini hakusema na mwenyekiti.

"Haron," aliita. "Mimi nitazikwa wapi?"

"Juu, kando ya ndugu yangu. Hiyo si swali."

"Na nikitaka Nakuru, kwa Linet?"

"Hiyo haiwezi."

"Nani amesema?"

Haron alitazama binamu zake. "Sisi wote," alisema. "Ukoo."

"Mimi ni mtu wa Nyamache," Drusilla alisema. "Niliolewa hapa nikafundisha watoto wenu miaka thelathini na tatu. Wewe mwenyewe nilikufundisha kugawanya. Sikumbuki kuulizwa." Ndipo akamgeukia mwenyekiti. "Hati ina jina langu peke yangu. Nauza kwa Mama Pam, bila hiyo karatasi. Kama ni mwezi ujao, nitakaa na hii nyonga mwezi mmoja zaidi. Lakini mnunuzi ni huyu."

Mwenyekiti alinong'ona na waliokuwa kulia kwake, kisha na wa kushoto. Akaomba mikono. Wa Damaris ulikuwa wa kwanza kuinuka. Ikapatikana sita. Pingamizi la Haron liliandikwa, ombi likapita, jina jingine likaitwa.

Nje, Haron aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni, akaondoka bila kutuaga. Odoyo alimfuata nyuma kwa haraka, kwa sababu nauli ya kurudi Homa Bay bado ilikuwa kwa Haron. Nilimshukuru Drusilla. Hakufurahi kushukuriwa. Alisema bado anaona ningetia tu sahihi, kwamba nimemfanya agombane na shemeji yake kwenye ofisi ya serikali, na kwamba sasa Krismasi hii hakuna atakayemletea ndizi. Tulitembea hatua kadhaa. Kisha akaniuliza kama ni kweli waliyachukua mabati. Nikamwambia ni kweli. Akatikisa kichwa, akanishika mkono kuvuka mtaro.

Hati ilitoka kwa jina langu mwishoni mwa Agosti. Drusilla alihamia Nakuru, na nyumba ikakaa wiki moja bila mtu huku nikimaliza oda za muhula wa tatu. Nilifika Jumanne asubuhi na vyerehani vyangu viwili juu ya mkokoteni, nikaona kitu ambacho hakikuwapo.

Upande wa kushoto wa nyumba palikuwa na migomba kumi na minne, midogo, imepandwa juzi, imemwagiliwa maji. Ilikuwa imebanana mistari mitatu, mmoja ukiligusa jani la mwingine, na Haron si mtu asiyejua kupanda mgomba. Upande wa kulia nyasi zilikuwa vile vile. Nikaelewa. Kwao mwenye nyumba mwanamume huzikwa kulia na mwanamke kushoto, na kwetu pia ni hivyo hivyo. Katika mengi tunayotofautiana, hilo tunalingana. Alikuwa amejaza kila mahali ambapo mimi ningeweza kulazwa.

Panga lilikuwa kwenye mkokoteni. Nililishika, nikalitazama, nikalirudisha. Migomba yenyewe ilikuwa ya mbegu nzuri. Nilipima kwanza: hatua sita kwa nne. Kisha nikachukua jembe nikaing'oa mmoja mmoja, kila mmoja na udongo wake, nikaifunga mizizi kwa magunia ya kitambaa niliyokuwa nimeyaloweka mtoni. Kazi hiyo ilinichukua hadi saa nane. Mwenye mkokoteni alinung'unika juu ya ule mlima, nikasukuma naye.

Tuliipanga kwenye kivuli cha ua wa Haron, yote kumi na minne. Alitoka shambani na buti zake za mpira, kikapu cha chai mgongoni, akaihesabu kwa macho.

"Mama, hizo ndizi zilikuwa zawadi," alisema. "Ya kukukaribisha."

"Asante, mzee. Zilipandwa pabaya."

"Pale pana rutuba."

"Najua. Nimechimba."

Alitua kikapu. Nadhani kweli alitaka kujua. "Kwani unataka kufa haraka hivyo?"

"Hapana. Nataka pabaki wazi."

"Nitapanda tena."

"Panda. Nitarudisha tena. Magunia ninayo, na mkokoteni nimeukodi hadi Ijumaa."

Aliinama akabonyeza mizizi ya mgomba wa kwanza kwa kidole gumba, akakuta gunia lina maji, akaenda kwa wa pili. Nikamwomba anifungulie yale magunia, kwa kuwa nayahitaji. Aliyafungua yote, moja baada ya jingine, akanipa mkononi. Niliyakunja, nikayaweka juu ya mkokoteni, nikateremka kwenda kupanga vyerehani.